Aliyeokolewa Nyumbani Kwake

Kijana wa kutembeza wageni walimwita Profesa, na jina hilo hakulipata darasani. Alilipata kwa mdomo. Ukimwonyesha jiwe lolote barabarani, atakwambia limetoka wapi, lilikuwa linakwenda wapi na nani alilikalia likiwa bado changa. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na boti moja nzuri, ofisi moja yenye feni mbovu, na tangazo kubwa ukutani lililosema: SIKU NZIMA PEKE YENU KATIKA KISIWA KISICHOKALIWA NA MTU. Maneno hayo aliyatunga Profesa mwenyewe. Na kisiwa chenyewe ndiko alikozaliwa.

Tusimlaumu upesi. Tutamlaumu baadaye, nafasi ipo. Kisiwa kilikuwa na nyumba zake, shule yake ya vyumba viwili na majogoo wengi kupita kiasi. Kilichokosekana ni maji matamu. Bosi wa kampuni, mwanamke wa maneno machache na manukato mengi, aliwapa wanakijiji tangi kubwa la maji, akaomba kitu kimoja tu: siku wageni wa faragha wanapokuja, kijiji kisiwepo. Hakusema kihame. Kisiwepo tu, tangu asubuhi mpaka boti iondoke.

Watu walicheka, kisha wakazoea, kisha wakawa mafundi. Ikaundwa Kamati ya Utulivu, yenye mwenyekiti, katibu na ugomvi wa ndani kama kamati zote. Ikifika siku ya wageni, nguo zilianuliwa mbichi, mioto ikazimwa, nyayo za pwani zikafagiwa kwa makuti, na kijiji kizima kikahamia ng'ambo ya kisiwa, shuleni. Huko watu wazima na heshima zao walijibana kwenye madawati ya watoto wakisubiri ruhusa ya kuishi tena. Majogoo walifunikwa matenga. Mwenyekiti alipita nyumba hadi nyumba akikagua, na akikuta sufuria imesahauliwa nje, alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kubaki, naye ni mama yake Profesa. Goti lake la kushoto lilikuwa halitaki kusikia habari za kutembea mbali, na nyumba yake ilikuwa imejificha vichakani, nyuma ya ile pwani ya wageni. Kwa hiyo yeye alikuwa hayupo akiwa kwake: mlango umefungwa, redio imezimwa, ameketi kitandani na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele bila kutoa sauti. Wala hakulalamika. Alijivunia.

"Wale wa juzi walipita hapa hapa dirishani," alimsimulia mwanawe. "Chafya ikanishika. Nikaibana mpaka machozi yakanitoka. Hawakujua kitu!"

"Mama, wewe ndiye mfanyakazi bora wa kampuni," Profesa alimwambia, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kilikuwa kicheko cha kijinga, lakini wenyewe hawakujua.

Siku tunayoisimulia, Bosi alimwita Profesa ofisini kabla hata hajamaliza chai.

"Mgeni wa leo si wa mchezo," alisema. "Akirudi ameridhika, marafiki zake wote watakuja. Na wakija, nitahitaji mkuu wa safari. Mwenye nyumba ya kampuni, hapa hapa mjini. Umenielewa?"

Profesa alielewa hata yale ambayo hayakusemwa. Alikuwa akiishi chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha mkono unamgusa jirani. Alianza kuiona hiyo nyumba, na chumba cha mama yake ndani yake, na daktari wa goti akija na mkoba. Mama hakuwa ameomba kutolewa kisiwani, lakini hilo ni jambo dogo. Watoto wetu wakianza kututakia mema, hawana muda wa kutuuliza.

Mgeni alikuwa Mkurugenzi wa shirika kubwa, mtu ambaye kila akishika kipaza sauti huanza na "Mimi ni mtu wa watu." Alikuwa mtu wa watu Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi alitaka wamwondokee. Alifika gatini na mkewe, Madamu, aliyevaa kofia pana kuliko meza ya chai, na simu mkononi ikipiga picha kila kilichomkabili.

"Nakwambia mapema, kijana," Mkurugenzi alisema akipanda boti. "Leo sitaki kumwona binadamu. Nimechoka nao."

"Mheshimiwa, tangu dunia iumbwe, kisiwa kile hakijawahi kukanyagwa na mkazi," Profesa alijibu.

Nahodha, aliyekuwa na watoto wawili na wajukuu kisiwani, alitema mate baharini akawasha mashine. Yeye msimamo wake ulijulikana: yeye anaendesha boti tu.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Profesa alikuwa katika ubora wake. Walipokuta njia iliyochimbika kwa miguu ya watoto wa shule, aliwaambia ni njia ya kobe, wanaitumia karne na karne wakienda kutaga. Walipokuta milingoti miwili ya goli la mpira, aliinamisha kichwa na kueleza kwamba ni mabaki ya merikebu iliyozama na watu wote. Madamu akavua kofia kwa heshima ya marehemu. Jogoo mmoja, ambaye tenga lake lilikuwa limepinduka, akawika kwa nguvu zake zote.

"Hicho nini?" Mkurugenzi akashtuka.

"Ndege wa hapa, mheshimiwa. Hapatikani kwingine."

"Anafanana sana na jogoo."

"Ndiyo maana wengi humdharau."

Wakafika kwenye minazi, imesimama safu kwa safu, imenyooka utadhani imepangwa kwa kamba. Na ilipangwa kwa kamba. Babu yake Profesa ndiye aliyeleta miche ile kwa mtumbwi, akaibeba begani mmoja mmoja, akaimwagilia kwa maji aliyojinyima kunywa. "Imejiotea," Profesa alisema. "Asili ikiachwa peke yake, mheshimiwa, hujipanga." Neno hilo lilimkwama kidogo kooni, akakohoa, likapita. Likishapita la kwanza, mengine hayapati shida.

Balaa lilikuja saa ya chakula. Profesa alirudi kwenye boti kuchukua sanduku la chakula, akakuta sanduku la mataulo, sanduku la vinywaji, na nafasi tupu.

"Sanduku la chakula liko wapi?"

"Mimi naendesha boti tu," nahodha alisema. Kisha akamwonea huruma. "Nadhani liko gatini. Ulikuwa umeliwekea mguu ukimweleza Madamu habari za kisiwa."

Mtu mwenye njaa haridhiki, na Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kutazama saa. Profesa akaita kwa mbali, "Mheshimiwa, leo nitawapikia mwenyewe, chakula cha porini!" kisha akapotelea vichakani mbio mbio, mpaka dirishani kwa mama yake.

"Mama! Mama, niokoe!"

"Shhh!" mama akamjibu kutoka ndani. "Kuna wageni."

Ilibidi ambembeleze mama yake atoke kwenye kutokuwepo kwake. Alipoelewa shida, mama hakuuliza la pili. Samaki alikuwa nao, wa jana, ameshawatia chumvi. Mchele ndio huo kwenye ungo. Profesa alibeba mafiga na kuni mpaka kichakani, mbali na nyumba, ili moshi usije ukaisaliti, na mama akamfuata akichechemea na sufuria kichwani. Akapika kama anavyopika mama ambaye mwanawe yuko mashakani, yaani haraka na bila kubahatisha. Profesa akapeleka sahani pwani, amejipaka masizi kidogo shavuni kwa ushahidi.

Kosa likawa moja: chakula kilikuwa kitamu mno. Mkurugenzi alikula akanyamaza, jambo ambalo mkewe alisema hajaliona tangu harusi. Akala tena. Akalamba vidole. Profesa alipokuwa anamchagulia Madamu kipande kisicho na miiba, Mkurugenzi akanyanyuka na sahani yake, akaifuata harufu peke yake mpaka kichakani.

"Profesa!" sauti ikaja. "Profesa! Kuna mtu!"

Profesa alifika akihema. Mama alikuwa amekaa kwenye gogo, goti limenyooshwa, anageuza samaki wa mwisho. Mkurugenzi amesimama mbele yake, sahani imemwinamia mkononi, macho yamemtoka.

"Huyu ni nani?"

Sasa, hapo ndipo mtu anapojulikana. Profesa aliiona nyumba ya kampuni. Akaona tangi la maji likishushwa na kupakiwa kwenye boti. Akaona ule mdomo wa Bosi usio na maneno. Vyote hivyo vilipita kichwani kwake upesi, na mdomo wake, uliozoea kutangulia, ukatangulia.

"Simjui, mheshimiwa."

Mama akamtazama. Hakushtuka sana, alidhani ni mchezo ule ule, naye alikuwa fundi wa mchezo. Akaupokea.

"Nimepotea, baba," alimwambia Mkurugenzi.

"Umepotea? Kisiwani?"

"Ndiyo, baba. Nikasikia harufu, nikaja kumsaidia kijana kugeuza samaki."

Madamu alikuwa ameshafika, simu mbele. "Jamani! Mama yetu! Uko hapa tangu lini?"

"Siku nyingi, mwanangu."

"Unakula nini?"

"Samaki."

"Unalala wapi?"

"Humu humu."

Kila jibu lilikuwa kweli tupu, na kila jibu lilimtoa Madamu machozi mapya. "Peke yake," alilia huku akirekodi. "Peke yake na ndege wanaowika!"

Mkurugenzi akaweka sahani chini. Ungemwona! Yule mtu wa Jumatatu mpaka Ijumaa alirudi mwilini mwake papo hapo, kifua mbele, sauti nzito. "Hatuwezi kumwacha," alitangaza. "Tunamwokoa. Sasa hivi."

"Sitaki kuokolewa, baba," mama akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikayumba. "Mimi niko sawa hapa."

"Amechanganyikiwa, maskini," Madamu alinong'ona. "Upweke huo."

Mama akamgeukia Profesa. Safari hii hakuwa anacheza. Alimtazama kama alivyomtazama alipokuwa mdogo, amevunja kitu, naye anampa nafasi ya kusema mwenyewe. Profesa alijiambia atamrudisha kesho asubuhi, mapema, kabla watu hawajaamka. Alijiambia mama ataona mji kidogo. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi wakili, na wakili wake wa kwanza ni yeye mwenyewe.

"Nyanyuka twende, bibi," alisema.

Bibi. Tangu aanze kusema hakuwahi kumwita jina lolote ila mama. Yule mwanamke akaifunika sufuria, akafuta mikono kwenye kanga, akanyanyuka bila kuupokea mkono alionyooshewa.

Ng'ambo ya pili, baadaye Profesa alisimuliwa, watoto waliokuwa juu ya mwamba waliona mama anavishwa jaketi la kuelea na kupandishwa botini, wakakimbia shuleni kutoa habari. Kamati ya Utulivu ikakaa kikao cha dharura pale pale kwenye madawati. Wengine walisema watoke. Mwenyekiti akawakumbusha kwamba boti haijaondoka, na boti isipoondoka, wao hawapo, na watu wasiokuwepo hawawezi kwenda kumzuia mtu. Ikapigwa kura. Matokeo yalipotangazwa, boti ilikuwa imeshakuwa nukta.

Njiani Mkurugenzi alikuwa kwenye simu muda wote. Nahodha alimfunga mama kamba za jaketi vizuri, akamwamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, dada," kisha akarudi kwenye usukani wake na kumtazama Profesa kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri. Profesa alikaa nyuma, na kila wimbi lililopiga boti aliliona likimgonga mama goti. Aliona aibu. Aliona aibu mpaka akageuza uso akatazama bahari.

Gatini walikuta umati mdogo: Bosi na manukato yake, waandishi wa habari wawili, kamera moja, na gari jeupe lililoandikwa ubavuni kwamba ni la kituo cha kulea wazee wasio na ndugu. Mkurugenzi alikuwa ameyapanga yote kwa simu, na alipokanyaga gati alianza hapo hapo.

"Mimi ni mtu wa watu," alisema. "Nilikwenda kupumzika, lakini moyo wa huduma haupumziki. Tumemkuta mama huyu, peke yake, hana mtu. Kuanzia leo ana mtu! Kituo kitampokea, atapewa kitanda, atapewa matunzo, na hatarudi tena kwenye mateso yale."

Hatarudi. Profesa alilisikia neno hilo miguuni kwanza. Dereva wa kituo alikuwa ameshafungua mlango, muuguzi ameshamshika mama kiwiko.

"Huyu ni mama yangu!" Profesa akasema.

Mkurugenzi akamkumbatia bega. "Mmemsikia? Huo ndio moyo tunaoutaka kwa vijana! Kila mzee ni mama yetu!"

"Siyo hivyo, mheshimiwa! Mama mzazi! Kanizaa yeye, kule kule kisiwani, nyumba yake iko nyuma ya minazi, na minazi ameipanda baba yake! Kuna nyumba kule. Kuna shule. Yule ndege ni jogoo!"

Mkono wa Mkurugenzi ukashuka begani taratibu. Madamu akaacha kurekodi, halafu akaanza tena. Bosi alimtazama tu Profesa kama mtu anayesoma bei na kuirudisha bidhaa rafuni.

"Mbona uliniambia humjui?" Mkurugenzi akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

Mwandishi mmoja, aliyekuwa mwepesi wa kunusa habari, akaona heri amwendee mwenye mambo. Akamsogezea mama kipaza sauti.

"Bibi, ni kweli? Huyu ni mwanao?"

Mama alimtazama Bosi kwa makini, na bila shaka aliliona tangi la maji na ndoo za majirani zake zimepangwa chini yake. Akamtazama Mkurugenzi, ambaye uso wake ulikuwa unaomba kuokolewa. Mwisho akamtazama Profesa, amesimama pale na shati la kampuni, jeupe, lenye picha ya kisiwa kitupu kifuani, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

"Simjui, baba," alisema kwenye kipaza sauti, taratibu, kila mtu asikie. "Ila inaonekana huko alikolelewa walijitahidi."

Watu wakapumua. Wengine walicheka kwa nafuu, na Mkurugenzi, rangi imemrudi, akapiga makofi na kusema kijana huyu ameguswa na tukio, ana moyo mwepesi, na watu wenye moyo mwepesi ndio wanaojenga nchi. Bosi naye akafungua mdomo wake wa maneno machache, akawaambia waandishi kwamba huyu ndiye mkuu mpya wa safari zote. Kamera ikamgeukia Profesa. Ndicho alichokitaka asubuhi, na sasa kilimwingia kama ugonjwa.

Hakuisubiri kamera. Alimkimbilia mama, aliyekuwa amekwama mguu kwenye ngazi ya gari, goti limegoma kukunjika, muuguzi akimsukuma kwa nyuma bila kujua mahali pa kushika. Profesa alijua. Aliinama, akamwekea bega, na mama akaegemea kwa uzito wake wote, kama wafanyavyo kila mara kwenye kizingiti cha nyumba yao. Midomo yake ikafika sikioni kwa mwanawe.

"Kesho asubuhi njoo unichukue," alimwambia. "Na usije umevaa shati hilo."